Mrija Uliogeuka Kijani

Juma lililopita nilimkabidhi Zubeda, anayeshika nafasi yangu, funguo za maabara, nikamwonyesha lile kabati ambalo halifungi mpaka ulisukume kwa goti, nikaondoka. Vijana walikuwa wameniandalia soda na keki, wakanitaka nihutubie. Hotuba sizijui. Niliwaahidi kwamba nitaandika, kwa kuwa ukiandika hakuna anayekukodolea macho. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika hospitali hii ya Korogwe miaka michache baada ya Uhuru, binti wa Kizigua kutoka Handeni, nikiwa na cheti cha darasa la nane, kozi fupi ya usaidizi wa maabara, na viatu vilivyonibana. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Shemdoe, Msambaa wa Vugiri. Alivaa sweta la sufu hata Korogwe ikiwaka moto, kwa madai kwamba mwili wake umezoea baridi ya mlimani na hataki kuuchanganya. Aliingia maabara zama za Mwingereza akiwa mfagizi, akajifunza kazi kwa kuchungulia mabegani mwa watu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Unajua kuosha vyombo?"

"Najua, mzee."

"Tutaona."

Akanipa trei ya vioo vya darubini. Nikaviosha, nikavipanga, nikajivuna. Akachukua kimoja, akadondoshea tone la maji. Tone likajikunyata kama shanga.

"Kina mafuta bado," akasema. "Kioo kikiwa safi, maji hutandaa. Rudia."

Nilirudia kwa wiki tatu. Hata sasa nikikaribishwa maji kwa watu huangalia kwanza yanavyoteleza kwenye glasi, na mwanangu huniona nina dharau.

Baada ya vioo nikaruhusiwa kugusa darubini, ile yenye kioo cha chini ambacho tulikigeuza kufuata mwanga wa dirishani. Mawingu yakitanda, kazi ilisimama. Wagonjwa walituletea choo ndani ya viberiti, na asubuhi meza ilijaa viberiti hivyo kama duka. Lakini hatukugusa hata kimoja kabla ya kupima vipimo vyetu wenyewe. Mzee Shemdoe alijitoboa kidole kila Jumatatu, akapima wekundu wa damu yake, kwa kuwa alijua usomaji wake ulivyo akiwa mzima. Ukija tofauti, hakujidhania mgonjwa. Alikagua dawa na mashine.

"Kabla hujaniambia mgonjwa ana nini," alikuwa akiniambia, "niambie kipimo chako kina nini."

Miaka ikaenda. Azimio likaja, tukaacha kuitana Bwana na Bibi, tukawa Ndugu, ila yeye alibaki Mzee. Ndipo siku moja akaingia Sajini Matiku wa usalama barabarani, amebeba boksi dogo la kadibodi kama mtu aliyebeba mayai. Sajini huyu alikuwa mtu wa Musoma, Msabato aliyeshika dini barabara. Pombe hanywi, sigara havuti, hata chai ya majani haigusi. Alitembea na chupa yake ya maji ya moto.

"Ndugu Mwanahawa," akaniambia, "tumeletewa hivi."

Ndani ya boksi kulikuwa na mirija myembamba ya kioo, kila mmoja una chembechembe za njano na mstari katikati, pamoja na mifuko ya nailoni. Dereva anashika mrija mdomoni, anapuliza mpaka mfuko ujae. Akiwa na pombe kwenye pumzi, chembechembe zinageuka kijani. Kijani kikipita mstari, dereva amelewa. Sisi tuliviita vipulizo.

"Mkuu wangu anataka hospitali itwambie kama vinasema kweli," Sajini akasema.

Mzee Shemdoe akageuka kunitazama. "Hiyo ni kazi yako."

Basi mimi, mtoto wa Kiislamu ambaye sijawahi kuonja hata togwa lililokaa siku mbili, nikawa mtaalamu wa pombe wa wilaya.

Nilifunga mtambo wangu kwa vitu vilivyokuwepo. Nilichukua chupa yenye kizibo cha matundu mawili, nikaweka ndani maji niliyochanganya na spiriti safi ya maabara, nimeipima kwa tone. Chupa ikakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu lenye kipimajoto. Kwenye tundu moja nikaunga ule mpira wa kubinya wa mashine ya presha, kusukuma hewa, na kwenye la pili nikaunga mrija wa polisi na mfuko wake. Hewa ilipita kwenye maji, ikabeba mvuke wa spiriti, ikatoka kama pumzi ya mlevi ambaye kiasi alichokunywa nakijua mimi.

Angalieni joto la maji. Mara ya kwanza nilitumia maji ya bombani, mirija yote ikabaki njano, nikakimbia kumwambia mzee kwamba serikali imeuziwa takataka. Hakuinua kichwa. "Pumzi ya mtu ina joto," akasema. "Ya kwako inatoka kisimani." Nikarudi, nikapasha maji yafikie digrii thelathini na nne, na mirija ikatenda kazi yake. Maji matupu, njano tupu. Mchanganyiko wa kipimo, kijani kikasimama mstarini. Mchanganyiko mkali, kijani kikapita.

Daktari alitaka tupime na kwa watu, akaidhinisha wawili wanywe bia chini ya usimamizi. Walijitokeza kumi na mmoja, akiwemo mgonjwa wa wodi ya wanaume aliyekuwa ametundikiwa dripu. Barnaba, mpishi wetu, alikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Alikunywa huku amesimama wima, akisema anafanya hivyo kwa ajili ya taifa.

Tangu hapo kila boksi lililoletwa nilichomoa mirija mitatu, nikaipima, nikaandika hati ya kuthibitisha. Boksi moja lilikaa juu ya dashibodi ya gari la polisi, juani, siku nyingi. Hilo lilitoa kijani hata kwa maji matupu. Nikalikataa lote. Sajini alininunia wiki nzima, kisha akaanza kutunza maboksi yake kwenye stoo yetu ya dawa, penye ubaridi.

Ndipo ukaja mwaka wa watu kuhamia vijijini. Malori yalipita tangu asubuhi, yamebeba vitanda, vinu, mabati, mbuzi na watu juu yake. Wengine waliimba, wengine walikaa kimya. Shangazi yangu Mwanaidi, dada yake baba, alikuwa miongoni mwa waliokaa kimya. Aliacha kule ndani ya Handeni nyumba aliyoizoea na kaburi la mumewe, akapelekwa kijiji kipya cha barabarani ambako alionyeshwa vigingi vinne na kuambiwa hapa ndipo kwako.

Lori lake lilipinduka mteremkoni, upande wetu wa mpaka wa wilaya, ndiyo maana majeruhi waliletwa Korogwe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hospitali ilijaa vilio. Mungu alijalia hakufa mtu, ila walivunjika watu watatu, na shangazi alikuwa mmoja wao, mkono wa kulia. Matabibu hawakutosha. Nilitolewa maabara nikatupwa chumba cha vidonda kusafisha na kufunga.

Niliyemhudumia mwisho alikuwa dereva, Venansi. Nilimjua, na nani hakumjua? Baba yake alikuja kutoka Songea kukata mkonge, akazaa huku, akafia huku. Venansi aliendesha lori la shamba moja la mkonge, lililoazimwa kwa kazi ya kuhamisha watu, na Jumamosi sauti yake ilisikika kilabuni kabla hujafika. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka ndani, na ufizi umechanika. Nilichovya pamba kwenye iodini, ile ya kahawia inayochanganywa na spiriti, nikampaka ndani ya mdomo kote. Akaruka.

"Dada, unaniua!"

"Tulia. Wenzako wamevunjika."

Nilisema kwa ukali, na nilitaka aumie. Shangazi yangu alikuwa chumba cha pili analia kwa Kizigua, anamwita mama yake.

Sijamaliza kukaza kizibo cha dawa, Sajini Matiku akaingia na boksi lake. Akamkabidhi mrija, akamwamuru apulize. Venansi akapuliza, damu na dawa zikimchuruzika kidevuni. Chembechembe zikageuka kijani, kikapanda, kikapita mstari.

"Mlevi," Sajini akasema.

"Afande, wallahi sijanywa!" Mkristo yule aliapa kwa Kiislamu, amechanganyikiwa. "Sijanywa tangu Jumamosi. Breki zimekata, afande!"

Wakamtoa kwa pingu. Pale nje watu waliokuwa wamekaa na mizigo yao walimzomea, na mimi moyoni nilizomea pamoja nao.

Siku ya tatu Sajini akaja maabara. Kesi ilikuwa inapelekwa kwa hakimu, na alihitaji hati ya lile boksi. Nilichomoa mirija mitatu, nikapasha maji, nikapima. Yote mizima. Nikachukua fomu, nikaandika namba ya boksi, nikaandika "sahihi". Ilibaki jina langu tu.

Nilipoinua kalamu niliona vidole vyangu. Vilikuwa bado vya kahawia, maana iodini haitoki kwa siku tatu. Nikavinusa, sijui kwa nini. Harufu ya spiriti ilikuwa imekwisha zamani, lakini niliikumbuka. Nikaikumbuka ilivyojaa chumba kile, na Sajini akiingia, na pamba ikiwa bado mkononi mwangu.

Nikaweka kalamu chini.

"Afande, naomba uniachie mpaka kesho."

"Kuna kasoro?"

"Boksi halina kasoro."

Alipoondoka nilimsimulia Mzee Shemdoe. Alivuta mikono ya sweta lake. "Usiniambie unavyofikiri," akasema. "Pima."

Nikachukua pamba, nikachovya iodini, nikajipaka ndani ya mdomo kama nilivyompaka Venansi. Iliwaka hadi machozi yakanitoka, nikajua kwa nini aliruka. Nikapuliza. Kijani kikapita mstari. Mimi, Mwanahawa binti Omari, saa tano za asubuhi, mlevi kupindukia.

Mzee akaweka saa yake ya mfukoni mezani. Baada ya dakika tano nikapuliza mrija wa pili, kijani bado. Dakika kumi, kijani kidogo. Dakika kumi na tano, ukingo tu. Dakika ishirini, njano tupu. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Mrija umesema kweli," akasema. "Kulikuwa na spiriti mdomoni. Wewe ndiye uliyeiweka."

Hapakuwa na lawama katika sauti yake, lakini ilinikata. Mtu alikuwa mahabusu siku tatu kwa mkono wangu. Na hofu nyingine ilinijia nyuma ya hiyo, naiandika ili mjue nilikuwa mtu wa kawaida. Ningefukuzwa kazi? Watu wangesema nini, kwamba binti Omari anamtetea mlevi aliyemvunja shangazi yake? Tena, kipimo changu kilionyesha tu kwamba mrija ule haukuwa ushahidi. Hakikuonyesha kwamba Venansi hakunywa. Ningeweza kujivunjia heshima kwa ajili ya mtu aliyekuwa amelewa kweli.

Nikaenda wodini. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mkono ndani ya plasta, uso umegeukia ukuta.

"Shikamoo, shangazi. Kwenye lori ulikaa wapi?"

"Marahaba. Mbele. Yule kijana alisema bibi asikae juu ya mabati, akanipandisha kwake."

"Alikuwa ananuka pombe?"

Aligeuka polepole. "Ananuka dizeli. Na kuku wangu walinuka. Pombe sikuisikia." Akafikiri. "Tulipoanza kuteremka alikanyaga, akakanyaga tena, kisha akapiga kelele, 'Shikaneni!' Akatuelekeza kwenye kichuguu. Kama si kile kichuguu tungefika korongoni."

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Machozi ya hasira yalimlengalenga. "Wamenihamisha hawakuniuliza. Nimevunjika hawakuniuliza. Wewe ndiye wa kwanza."

Nilimmenyea chungwa, tukala, nikaenda kituo cha polisi kabla sijaanza kujishauri upya.

Sajini Matiku alinisikiliza kwa kunyanyua nyusi tu. Nilipomaliza alisimama.

"Unataka kuniambia nimemfunga mtu kwa dawa yako?"

"Ndiyo, afande. Kosa ni langu. Sikukwambia nimempaka nini."

"Na mimi sikuuliza," akasema, lakini bado alikuwa amekasirika. "Dawa hiyo unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akavua kofia, akaketi, akafungua mdomo mbele ya askari wake wote. Nikampaka. Hakuruka, ila masikio yalimwiva. Akachukua mrija, akapuliza mfuko ukajaa. Kijani kikapanda, kikafika mstari, kikapita kwa kidole kizima.

Askari mmoja akakohoa kwa kicheko akakimbilia nje. Sajini aliushika ule mrija mbele ya mwanga wa dirisha, Msabato asiyegusa hata chai, akauangalia upande huu na upande ule.

"Kumbe ndivyo mtu anavyokwenda jela," akasema kwa sauti ya chini.

Sikuwahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile. Alituma fundi kwenye lori siku hiyo hiyo, na fundi akakuta bomba la mafuta ya breki limelika na kupasuka. Akaja mwenyewe wodini, akakaa kwenye stuli ndogo, akaandika maelezo ya shangazi neno kwa neno, hata habari za kuku. Mbele ya hakimu alieleza yote bila kujificha, nami nikaeleza sehemu yangu. Hakimu akauliza kama ni kweli Sajini mwenyewe alipuliza kijani. "Ni kweli, mheshimiwa," akasema, na mahakama ikacheka. Venansi hakucheka. Aliachiwa kabla ya adhuhuri.

Alikuja maabara jioni ile. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono katikati ya magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yakanipotea yote.

"Dada," akasema, "siku ya pili nilianza kujiuliza labda nilikunywa nikasahau. Kila mtu alikuwa na uhakika. Na mimi nanywa, sikatai. Nikasema huenda wao ndio wanaojua."

"Nisamehe, Venansi. Ni mimi."

"Nimesikia mahakamani." Akagusa mdomo wake, ulikuwa umepona vizuri. "Basi angalau dawa yako inaponya."

Tulicheka wote wawili kwa nguvu kupita uzito wa utani wenyewe, hadi Mzee Shemdoe akatoka chumba cha ndani kutazama nini kimevunjika. Nafuu niliyoipata siku ile sijui niieleze vipi. Nilitembea kurudi nyumbani naona miguu myepesi, nikawaamkia hata watu nisiowajua.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, ambayo nilistahili, na kazi ya kuandika utaratibu mpya. Ulikuwa mfupi. Anayepimwa asukutue kwa maji, akae dakika ishirini mbele ya macho ya askari, asile, asivute, asipakwe kitu. Kwenye fomu niliongeza mstari mmoja: "Ametiwa nini mdomoni, na nani, saa ngapi?" Sajini alitundika saa ya ukutani kituoni, na kwa miaka aliyobaki Korogwe hakupima mtu bila kuikazia macho kama mchezo wa mpira.

Ninyi sasa mna mashine zinazoandika namba, na namba inatisha kuliko rangi. Zipimeni hivyo hivyo. Pasheni maji. Tena mkimaliza kuthibitisha kwamba mashine ni nzima, jiulizeni aliyeishika alifanya nini dakika ishirini kabla. Mimi nilikaribia kutia sahihi hati ambayo kila neno lake lilikuwa kweli.

Plasta ya shangazi ilitolewa baada ya wiki sita. Kule kijijini watu wa jirani walikuwa wamemsimamishia nyumba kwenye vile vigingi, na ilibidi aende. Usafiri uliopatikana ulikuwa lori la shamba, breki mpya, dereva Venansi. Niliona haya kumwambia. Alitoka getini anatembea polepole, kikapu cha kuku mkono wa kushoto, akamkuta Venansi amefungua mlango wa mbele, amesimama wima kama askari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Shangazi akaweka kikapu chini. Akamshika Venansi kidevu, akamshusha uso hadi usawa wake, na mbele ya manesi, wagonjwa na mlinzi wa geti akamnusa mdomo, bila haraka, mara mbili. Venansi alifumba macho, hakupumua.

"Haya," shangazi akasema, akamkabidhi kikapu. "Nipandishe, twende."